Umeme Umerudije?

Ukiwasha indiketa ya kushoto, sindano ya joto la injini ilipiga saluti. Ilipanda, ikashuka, ikapanda tena, ikifuata tiki-tiki ya indiketa kama kuruta anayefuata ngoma ya gwaride. Tuliliona jambo hilo tungali Tabora mjini, tukikata kona ya kwanza chini ya miembe.

"Linatuaga," Mjomba alisema. Akacheka, nami nikacheka. Wenye akili wangegeuza gari palepale.

Tulikuwa watatu: Mjomba kwenye usukani, mimi pembeni yake, na utingo, kijana wa miaka ishirini hivi, juu ya mzigo. Mzigo wenyewe ulikuwa asali na nta, ndoo na madumu yaliyofungiwa turubai, karibu tani nzima. Tulikuwa tunakwenda Mbeya kwa njia ya porini: Sikonge, Ipole, Rungwa, Makongolosi, Chunya. Ni zaidi ya kilomita 500, na sehemu kubwa ni vumbi. Mjomba hufanya safari hiyo kila baada ya mavuno ya asali. Mimi nilialikwa kwa sababu mbili ambazo hakunificha: kwanza naandika, kwa hiyo sina kazi, pili simu yangu ina tochi kali.

Gari lilikuwa Land Cruiser pikapu, HZJ75, lile ambalo kwa sababu ya bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo tunaliita mkonga. Injini yake ni 1HZ, dizeli ya silinda sita yenye sentimita za ujazo 4,164, aina iliyoanza kutoka kiwandani mwaka 1990. Haina kompyuta. Haina kihisio cha kukuambia kwamba kihisio kingine kimekufa. Ndiyo maana watu wa porini wanaipenda, na ndiyo maana Mjomba, alipolikuta gari hilo mnadani, hakuuliza maswali mengi.

Alipaswa kuuliza moja: limepita mikononi mwa nani? Maana lilikuwa limetumikia mabwana watatu, na kila bwana alipoondoka aliondoka na chombo chake akaacha waya. Wa kwanza alifunga redio ya mawasiliano. Redio ilikwenda zake, nyaya zikabaki. Wa pili, mfanyabiashara wa mbao, alifunga spoti mbili za wati 100 kila moja kwenye bampa, akaziwasha kwa swichi ya ukutani, ileile ya kuwashia taa ya sebuleni, iliyokazwa kwa skrubu kwenye dashibodi. Wa tatu alipenda muziki, akaongeza spika na king'ora cha wezi. King'ora kilikufa, lakini kisanduku chake kilibaki kimeng'ang'ania nyaya za swichi ya funguo kama kupe. Ukiinama chini ya dashibodi unakuta mizizi ya mkuyu ukingoni mwa mto baada ya mafuriko: myekundu, myeusi, ya buluu, mingine imefungwa tepu, mingine imefungwa kipande cha mfuko wa rambo, mingine haiendi popote.

Wiki moja kabla ya safari, stata ilianza kuguna. Fundi wa kwanza aliipigapiga betri kwa kiganja na kusema imechoka. Tukanunua mpya, ya ampea-saa 75. Stata ikaguna vilevile. Fundi wa pili alisema betri mpya haina kosa, kosa ni la altaneta, haichaji. Akaishusha, akabadilisha kaboni zake mbili, akairudisha, akawasha injini, akaweka ncha moja ya mita kwenye nati ya altaneta na nyingine kwenye ganda la altaneta hiyohiyo. Ikasoma volti 14.1. Hiyo ni namba nzuri. Altaneta yenye afya hutoa kati ya 13.8 na 14.4. Tukapeana mikono, pesa ikatoka mfukoni mwa Mjomba, stata ikaguna kidogo kuliko jana, tukajiaminisha kwamba imepona.

Shika hizo ncha mbili za mita zilipowekwa. Tutazirudia.

*

Hadi Ipole ni lami, na lami haina hadithi. Baada ya Ipole, tukaiacha njia ya Mpanda, tukashika ya Rungwa, na miombo ikatumeza. Ni msitu usio na haraka: mitundu, mininga, kichuguu, mitundu tena, na hapa na pale mzinga wa gome umening'inizwa juu ya tawi kama pipa lililosahauliwa na mafuriko ya Nuhu. Nyuki wa hapa ndio waliojaza ndoo zilizokuwa nyuma yetu. Ndorobo nao walikuwapo. Mbung'o hao wa huku hukimbilia kitu kikubwa kinachotembea, na mkonga uliojaa mzigo, wenye mwendo wa kilomita thelathini kwa saa, kwao ni nyati aliyechoka. Tulifunga vioo, tukaoka ndani. Utingo juu ya mzigo alijifunika turubai, akawa anapiga teke bodi kila alipoumwa, mpaka Mjomba akazoea kuhesabu mateke kama watu wanavyohesabu nguzo za kilomita.

Giza lilitukuta katikati. Mjomba aliwasha taa kubwa, akabonyeza na ile swichi ya sebuleni. Barabara ikawa nyeupe. Kwa muda wa saa moja tulikuwa wafalme wa pori.

Saa ya pili, weupe ukageuka rangi ya chai ya maziwa. Nilidhani ni vumbi kwenye vioo vya taa. Tukasimama, utingo akavifuta kwa fulana yake, tukaendelea. Baadaye chai ikageuka ya rangi, kisha ikawa asali, nami nikaona paa amesimama barabarani akitutazama bila kupepesa, kama anayeshangaa watu waliowasha mshumaa ndani ya jokofu. Mjomba alipiga honi. Ikatoa sauti ya ndama mgonjwa.

Hapo alisimamisha gari na kufanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: alizungusha funguo, akazima, ili afungue boneti atazame.

Kimya cha miombo usiku kina uzito. Injini ikipoa unasikia vyuma vyake vikigonga tik, tik, halafu hata hizo zinaacha. Mjomba alikagua mkanda wa feni, akagusa betri, akarudi kwenye usukani kuwasha. Tak! Mlio mmoja mkavu. Akazungusha tena. Tak! Mara ya tatu utingo, aliyekuwa ameinamia injini na simu yangu mkononi, alipiga kelele.

"Mzee, acha! Waya wa mafuta unaungua!"

Alimaanisha ule waya wa chuma ndani ya mpira unaotoka kwenye pedali ya mafuta kwenda kwenye pampu. Tulikimbilia. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka kwenye mpira wake, na utingo alikuwa anapuliza kidole.

"Huo si waya wa umeme," Mjomba alisema, kwa sauti ya mtu anayekemea uongo. "Huo unavutwa na mguu."

"Umeniunguza, mzee."

"Umeegemea eksosi."

Wakabishana mpaka wakachoka. Mimi sikusema neno, kwa sababu sikujua neno la kusema: harufu ya plastiki iliyoungua ilikuwa pale, na eksosi ilikuwa upande wa pili wa injini. Tukalala ndani ya kebini watatu, magoti yakigombea nafasi na gia.

*

Kulipopambazuka alikuja mtu na pikipiki, mavazi yake ya kulinia asali yamefungwa nyuma ya kiti. Aliizima, akashuka, akavua kofia.

"Mwangaluka."

"Mwangaluka," Mjomba aliitikia. Kwa Kinyamwezi chake chote kilichofuata nilishika maneno machache tu, pamoja na lile la "betri", ambalo ni lilelile katika kila lugha ya mtu aliyekwama.

Tulijaribu kwanza njia ya wazee: kusukuma. Barabara iliteremka kidogo kuelekea kijito kikavu. Tulishusha nusu ya ndoo, tukasukuma watatu, Mjomba akaachia klachi. Matairi yalikwaruza, injini ikazunguka, ikakohoa hewa tupu, ikasimama. Cha ajabu ni kwamba ukizungusha funguo, taa za dashibodi zilikuwa zinawaka, hafifu lakini zinawaka. Umeme ulikuwapo. Injini ilikuwa haiutambui.

Hapa Mjomba alinionyesha kwamba miaka yake barabarani haikupita bure. Dizeli ya namna hii, alisema, ikishazunguka hujichoma yenyewe kwa joto la mgandamizo, haihitaji cheche. Inachohitaji kwenye umeme ni kitu kimoja, kidude cha ukubwa wa kidole gumba kilichokazwa kwenye pampu. Ni solenoidi ya kukatia mafuta. Ukiipa volti 12 inavuta pini yake na kuacha dizeli ipite. Ukiinyima, pini inarudi, mafuta yanakatika, injini inakufa. Ndivyo funguo inavyoizima injini hii. Aliwasha swichi, akachomoa waya wa solenoidi na kuugusisha. Ilipasa kulia klik. Haikulia.

"Naomba betri ya pikipiki yako," alimwambia mrina asali.

Yule bwana aliitoa. Haikuzidi pakiti ya kilo moja ya sukari. Mjomba alivuta waya kutoka chanya ya betri ile hadi kwenye solenoidi, na mwingine kutoka hasi hadi kwenye bolti ya injini. Klik! Sijapata kusikia sauti ndogo yenye neno kubwa namna ile. Tukasukuma tena hadi ukingo wa kijito, klachi ikaachiwa, na silinda sita zikaamka kwa pamoja na wingu jeusi.

Ilibaki dhamana. Pikipiki yake iliwaka kwa kupiga kiki, betri au bila betri, ila angekosa honi na taa. Mjomba alimwomba tuende nayo hadi tutakapopata fundi, na akatoa ndoo ya asali iwe rehani. Yule bwana alitazama ndoo, akanitazama mimi, akacheka hadi akashika tumbo. Rehani ya asali, kwa mrina asali!

"Nendeni nayo. Mkirudi nileteeni mchele wa Kyela."

"Tukirudi," Mjomba alisema, "tutapita Dodoma, kwenye lami."

"Basi hamtarudi kwangu."

Mjomba alinyamaza kidogo. "Tutapita hapa," alisema.

*

Siku hiyo tulitembea kwa jua tu. Betri ya pikipiki ilikaa kwenye miguu yangu ndani ya soksi, nyaya zake mbili zikipita kwenye tundu la sakafu, na kuzima gari kukawa ni kazi yangu: nikichomoa waya, injini inakata roho. Rungwa tulimwachia betri ndogo muuza vocha anayechaji simu kwa sola, tukalala. Mtu mmoja alitufuata usiku huo akitaka kutuuzia altaneta nyingine. Mjomba alikaribia kununua. Nadhani kilichomzuia ni uchovu tu.

Kesho yake tulivuka kuingia wilaya ya Chunya, na jioni tukasikia Makongolosi kabla ya kuiona: makarasha yanasaga mawe. Hii ni nchi ya dhahabu ya Lupa, iliyochimbwa tangu enzi za Waingereza, na mahali wanaposaga mawe kuna jenereta, na penye jenereta pana fundi umeme asiyebahatisha, kwa maana karasha likisimama, mwenye mawe anasimama juu ya kichwa chake.

Tulielekezwa kwa mzee mmoja chini ya mwembe, amevaa miwani iliyofungwa uzi. Hakufungua boneti. Aliketi kwenye ndoo, akasema, "Nisimulieni."

Mjomba alisimulia betri na altaneta. Mzee alisikiliza kama anayesikiliza taarifa ya habari ya jana. Mimi nikasema habari ya sindano na indiketa. Akanigeukia. Utingo, aliyekuwa nyuma yetu, akanyoosha kidole chake chenye lengelenge.

"Waya wa mafuta uliniunguza, mzee wangu. Hawa hawaamini."

Fundi alikishika kidole, akakigeuza, akakitazama kama daktari. "Huyu ndiye fundi wenu," alisema. "Ninyi wengine ni abiria."

Ndipo akasimama. Alitoa betri ya jenereta iliyojaa, akaifunga mahali pa betri yetu. Akachukua mita. Ncha moja aliiweka kwenye kichwa cha hasi cha betri, nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, akamwambia Mjomba azungushe funguo sekunde mbili. Nilitazama kioo cha mita. Kati ya hasi ya betri na injini, vitu ambavyo vinapaswa kuwa kitu kimoja, panapopaswa kuonekana sifuri au nusu ya volti ikizidi sana, palisoma volti 11.

"Mmeona? Hapa," akagusa betri, "na hapa," akagusa injini, "ni visiwa viwili. Betri, taa na bodi ni kisiwa kimoja. Injini, stata na altaneta ni kisiwa cha pili. Daraja limevunjika."

Akainama, akafuata waya mnene unaotoka hasi kwenda kwenye injini. Kwa macho ulikuwa mzima, mweusi, mnene. Akaukunja mara moja karibu na kichwa chake, mpira ukapasuka, na unga wa kijani ukamwagika kiganjani mwake. Shaba ilikuwa imeoza ndani ya shati lake. Zilibaki nyuzi tatu, nne, na hizo nazo zilikuwa nyeusi kwa kuungua. Kisha akatafuta waya wa pili, ule mkanda wa shaba unaofunga injini na bodi. Alikuta tundu la bolti lina kutu, bila bolti.

"Injini hii iliwahi kushushwa?"

"Kabla sijainunua, ndiyo."

"Aliyeipandisha alisahau kitu kimoja."

Hapo kila kitu kilijipanga kichwani mwangu. Umeme wa stata hutoka chanya, huingia kwenye stata, na kutoka hapo ni lazima urudi hasi. Ulipokosa daraja ulitafuta njia ya panya: ukapita kwenye waya wa pedali, kwa kuwa ule umeshika injini upande mmoja na bodi upande wa pili. Stata ya dizeli kubwa hula ampea 200 na zaidi. Ukizipitisha kwenye waya wa kuvutia mafuta, zinaukaanga. Utingo hakuwa ameegemea eksosi.

Na altaneta? Fundi wa Tabora alipima altaneta kwa ganda la altaneta, yaani alipima kisiwa akiwa kisiwani. Volti 14.1 zilikuwa kweli, ila hazikuwa zinafika kwenye betri, kwa sababu hazikuwa na pa kurudia. Usiku ule taa mbili kubwa za wati 60 na spoti mbili za wati 100 zilikuwa zinakula wati 320, karibu ampea 27, zote kutoka betri peke yake. Gawanya 75 kwa 27: hata saa tatu hazitimii. Betri yetu mpya haikuwa mbovu wala altaneta haikuwa mbovu. Tulikuwa tumenunua kitu kizima na kukarabati kizima.

"Kila mtu akija hapa huniuliza, umeme umefika?" fundi alisema, akisugua injini kwa msasa hadi chuma king'ae. "Kwenye taa umefika, kwenye stata umefika. Mimi huuliza, umerudije? Umeme hauendi mahali, mwanangu. Umeme unazunguka. Ukiona haufanyi kazi, usitazame ulikokwenda tu."

Hesabu yake aliichora mchangani kwa bisibisi. Kiungo chenye kutu kikiwa na ukinzani wa sehemu moja ya mia ya omu, kiasi ambacho mita ya kawaida haikioni, ampea 200 zikipita hapo zinapoteza volti 2. Betri iliyojaa hupumzika kwenye 12.6. Stata ikishaivuta hadi kumi, ukitoa mbili nyingine, umebaki na nane, na kwa nane dizeli baridi haizunguki. Ndiyo maana mita ikiwekwa wakati gari limelala husema kila kitu ni kizima. "Kiungo kinasema kweli kikibeba mzigo," alisema. "Kama watu."

*

Alitengeneza daraja jipya kwa waya wa mashine ya kuchomelea, mnene kama kidole. Vichwa vyake alivitoa kwenye bomba la shaba la jokofu bovu, akavibonda, akavitoboa, akavijaza lehemu. Vipande viwili: betri hadi injini, injini hadi chesisi. Akakwangua rangi kila mahali palipogusana, akakaza, kisha akapaka grisi juu ili maji na hewa visirudi. Waya wa pedali aliutupa, akaweka mwingine.

Kazi hiyo ilichukua saa moja. Saa nne zilizofuata alikuwa chini ya dashibodi, miguu nje, akitoa nyaya za marehemu. Alifuata kila waya hadi mwisho wake kabla ya kuukata. Hakukata hata mmoja kwa kubahatisha. Kisanduku cha king'ora kilitoka. Waya wa redio ya mawasiliano ulitoka, nao ulikuwa umefungwa moja kwa moja kwenye chanya bila fyuzi, umepita kwenye tundu la chuma lisilo na mpira, umechubuka, umebakiza unene wa ukucha kabla ya kupiga shoti na kuchoma gari na asali yote. Spoti alizifungia rilei na fyuzi, ili mkondo mkubwa usipite kwenye swichi. Swichi ya sebuleni aliiacha. "Hiyo sasa inabeba umeme mdogo tu," alisema. "Na inapendeza."

Akiwa huko chini alitusimulia dhambi nyingine za magari haya. Yapo ya aina hii yenye mfumo wa volti 24, betri mbili zimefungwa mfululizo. Mwenye gari akitaka redio ya volti 12 huenda kwa fundi kanjanja, naye huitoa kwenye betri moja. Redio inaimba. Lakini betri ile inayolisha redio haijai kamwe, na mwenzake anajazwa kupita kiasi hadi maji yanachemka. Baada ya miezi kadhaa zote mbili zimekufa, moja kwa njaa, nyingine kwa shibe, na mwenye gari analaani duka la betri.

Alipotoka alikuwa amejaza karai. Tukalibeba kulipima kwenye mizani ya mwenye duka jirani: kilo 4 na ushee za nyaya zilizokuwa hazifanyi kazi yoyote isipokuwa kuwachanganya watu. Bei aliyotaja ilikuwa ndogo kuliko ile ya betri mpya. Mjomba alilipa, kisha akaongeza ndoo ya asali, na hii ilipokelewa bila kicheko.

Stata haikuguna. Iliruka. Injini iliwaka kabla funguo haijafika mwisho, na Mjomba akatoa mkono kama aliyeshika kitu cha moto. Niliwasha indiketa ya kushoto. Sindano ya joto ilikaa kimya mahali pake. Fundi alinieleza kwamba kihisio cha joto nacho kimekazwa kwenye injini na husoma kwa kupitia hasi hiyohiyo. Daraja linapotetereka, kila umeme unaopita unakitikisa. Saluti ile haikuwa ya kutuaga.

*

Kutoka Makongolosi ni lami tena. Baada ya Chunya barabara inaupanda mlima hadi juu ya mita 2,400, ambako baridi ya asubuhi inauma mfupa, na ukigeuka nyuma unaliona bonde limelala chini kama mkeka. Mjomba alisimama pale kwa makusudi, akazima gari, akangoja robo saa huku akitetemeka, akaliwasha. Akazima tena, akawasha. Utingo alimwambia stata nayo ina roho, mzee. Tukashuka Mbeya.

Asali iliuzwa kwa siku mbili. Siku ya tatu wenzake Mjomba sokoni walimshauri apite Iringa na Dodoma, lami hadi nyumbani. Niliona anavutiwa. Betri ndogo ilikuwa bado ndani ya soksi yangu, chini ya kiti. Hakuna aliyeitaja. Mjomba alikwenda akarudi na kiroba cha kilo 25 cha mchele wa Kyela, akakirusha nyuma, akawasha gari, na kwenye njia panda akakunja kuelekea Chunya.

Tulimkuta siku mbili baadaye, si mbali na kijito kile, anashusha mzinga. Alikuja polepole, hakushangaa. Aliichukua betri yake, ambayo tulikuwa tumeijaza usiku kucha, akaifunga kwenye pikipiki, akakaza bolti mbili, kwanza chanya kisha hasi, na ile ya hasi akaijaribu kwa kidole kama haichezi. Akabonyeza honi. Ilisikika mbali ndani ya miombo.

Kisha akainua macho, akatutazama mmoja mmoja.

"Na mchele?"